Binti Yangu Alilala kwa Jirani

Wageni wanaokuja siku hizi kulala kwenye ile hoteli ya bustanini huniuliza mwenyewe wa kwanza alikuwa mtu wa namna gani. Huniuliza mimi kwa sababu shamba langu limepakana na lake, na kwa sababu nilifundisha shule ya msingi miaka thelathini na miwili, na mwalimu mstaafu watu hudhani amewekwa duniani kujibu maswali. Huwa nawaambia alikuwa mtu mzuri. Ni kweli, ila si kweli yote. Kweli yote ni kwamba nilimwonea wivu miaka tisa, wivu wa kuumwa tumbo, na hata sasa alipokwisha kuhamia Nyamira kwa dada yake sijui kama umenitoka.

Jina lake silitaji. Yeye mwenyewe hakupenda litajwe. Kwenye geti lake hakukuwa na kibao, si cha jina wala cha mshale. Nitamwita jirani, maana ndivyo alivyokuwa kwangu kabla ya yote. Ukoo wake na alikozaliwa wanajua wengine, wawaulize hao. Mimi nitasema niliyoyaona kwa macho yangu, nikiwa nimebeba mtungi wa maziwa, kwa sababu kila asubuhi maziwa ya ng'ombe wangu ndiyo yaliyoingia katika chai ya wageni wake.

Kutoka Kisii mjini hadi kwetu si mbali. Ukishatoka kwenye honi, na wahubiri wa vipaza sauti, na wauza mitumba wa Daraja Mbili wanaoita kana kwamba wewe ni kiziwi, unashika barabara ya vumbi, unapita chai upande huu na migomba upande ule, halafu unafika penye ua mrefu wa miti ambao ungedhani nyuma yake kuna shule ya masista. Hapo ndipo. Vyumba sita tu, nyumba ndogondogo zilizotawanyika kwenye majani, kila moja na kibaraza chake. Ukiingia na geti likafungwa, mji unaisha. Nimewaona watu wazima wakisimama pale ndani wakiwa bado wameshika mabegi, wamenyamaza, wanasikiliza ndege kama watoto walioambiwa wafunge macho.

Mimi nilicheka alipoanza. Nilicheka kuliko wote. Mama yule aling'oa chai! Huku kwetu mtu anaweza kuuza ng'ombe, anaweza kuuza hata mabati ya jikoni, lakini chai haing'olewi, chai ndiyo imetusomesha. Yeye akaing'oa yote, shina kwa shina, akapanda nyasi na waridi na yale maua ya buluu yenye vichwa vikubwa kama kabichi. Kwenye kituo cha kuuzia majani, tukingoja lori la kiwanda, niliwaambia akina mama, "Huyo amechanganyikiwa. Atachemsha maua ale?" Wakacheka mpaka vikapu vikamwagika. Alikuwa amesimama nyuma yetu. Sikumwona. Aliniambia, bila hasira yoyote, "Bado, Mwalimu. Subiri kwanza."

Hilo "bado" lilikuwa neno lake. Ukimwuliza kama amechoka, bado. Kama waridi limechanua, bado. Kama anamsamehe fulani aliyemsema vibaya kanisani kwao, bado. Alilitamka polepole, huku ameinama, maana alikuwa na kawaida ya kuzungumza na mtu huku anang'oa magugu. Nilizoea kusalimiana na mgongo wake.

Wageni wakaja. Kwanza daktari mmoja, halafu marafiki wa daktari, halafu watu wa mashirika waliochoka na hoteli za mjini ambako usiku kucha unasikia muziki wa baa chini ya kitanda chako. Na mimi na chai yangu isiyong'olewa, nikiamka gizani kuchuma, nikawa nayasikia magari yao yakikanyaga kokoto taratibu, na moyo wangu unasema: angalia. Aliyechekwa ni nani sasa?

Lakini nisiseme uongo, wivu wangu haukuwa wa magari. Ungekuwa wa magari ningeuombea Sabato moja ukaisha. Ulianza kwa vitu vidogo. Kwa mfano chai. Wageni waliisifu chai yake hadi wengine wakaomba wafungiwe majani waende nayo. Majani ni ya kiwanda cha Itumbe, yaleyale tunayokunywa sote. Maziwa ni yangu. Sufuria nilikuwa nazo kubwa kuliko zake. Kwa nini basi chai kwangu ilikuwa chai tu? Na kilichonikera zaidi ni kwamba hakujichukulia sifa. Alikuwa akiwaambia, "Maziwa ni ya Mwalimu, mshukuruni yeye," nao wananigeukia na kupiga makofi kidogo, na mimi nimesimama pale na gambuti zangu zenye matope. Angejisifu ningepumua. Mtu anayekunyima hata sababu ya kumchukia ni mtu mbaya sana kuishi naye.

Wala usidhani alikuwa malaika. Alikuwa mwongo, kwanza. Nitaeleza uongo wake. Tena alikuwa na makucha. Kuna mheshimiwa mmoja alikuja na watu wake, akakaa kibarazani akizungumza na simu kwa sauti ya mkutano wa hadhara. Jirani alimwendea na panga la kukatia ua mkononi, si kwa kumtisha, ni vile tu alikuwa kazini, akamwambia, "Baba, hapa tunalala." Ilikuwa saa tisa mchana. Mheshimiwa akashusha sauti, kisha akazima simu, kisha, nilivyosikia, akalala mpaka jioni na kuacha mkutano wake Masimba ukimngoja. Mwanamke yuleyule aliyewanyamazisha wakubwa alikuwa na redio jikoni mwake, inaimba matangazo ya vifo kwa Ekegusii, lugha yetu, kwa sauti ya juu kabisa, na mtu akiipunguza anakosana naye. Alisema anataka kujua nani amekufa kabla hajaambiwa na mimi.

Alipanda maua shamba zima na hakukubali hata moja likatwe. Meza zake hazikuwa na chombo cha maua. Bibi harusi mmoja aliomba waridi tatu tu za kushika kwenye picha. Alimwambia akasimame karibu nazo. Alipika vizuri, matoke, kuku, na mboga ya chinsaga iliyolala na maziwa hadi uchungu ukaisha, lakini yeye mwenyewe sikuwahi kumwona amekaa mezani. Alikula wima, sahani mkononi, akitazama nje kwa dirisha la jikoni. Alikuwa Mkatoliki, ila Jumamosi hakuwasha mashine ya kukata nyasi, kwa ajili yetu sisi Wasabato tuliomzunguka. Hakuna aliyemwomba. Nilimshukuru? Bado.

Jambo lililomtofautisha na sisi wote ni kwamba hakuuliza. Mgeni akifika, sisi wengine tunajua la kufanya: unatoka wapi, wewe ni wa nani, umeoa, una watoto wangapi, huyo uliyekuja naye ni nani. Hiyo ndiyo salamu yenyewe. Yeye alikuwa akipokea begi, anasema, "Karibu, pole na safari," halafu kimya. Nilimwuliza siku moja, "Unawezaje kulaza mtu usiyemjua hata ukoo?" Akaniambia, "Mwalimu, amekuja kulala, hakuja kuhojiwa." Nikasema moyoni, hicho ni kiburi. Mtu asiyeuliza ni mtu asiyejali. Nilifundisha darasa la nane, najua: usipouliza hujui, usipojua huwezi kusaidia.

Ila kulikuwa na swali moja ambalo aliliuliza kwa macho. Alitaka kujua nani ni mkwe wa nani. Sisi Wakisii tuna chinsoni, ile heshima yenye aibu ndani yake, kati ya mzazi na mtoto aliyeoa, na zaidi kati ya mama na mume wa binti yake. Vijana wa Nairobi huisikia kama hadithi, lakini mama mkwe na mkwe wake hawalali chini ya paa moja. Hawasemi kwa nini. Ni hivyo.

Basi kijana mmoja alimleta mke wake na mama wa mke wake kupumzika. Mtu wa ofisini kwa huyo kijana alikuwa amewawekea vyumba viwili vya nyumba moja, ukuta katikati, akidhani amewafanyia wema wawe karibu. Nilikuwa pale na maziwa yangu. Nilimwona yule mama akitazama paa, akitazama milango miwili, amekwama. Hawezi kusema. Atasemaje mbele ya mkwe? Jirani akainua uso kutoka kwenye magugu, akawatazama mara moja tu, akasema, "Woi, mniwie radhi. Chumba hiki cha pili paa linavuja. Mama atalala nyumba ile ya mwisho, kule kwenye kivuli." Ilikuwa Januari. Mvua ilikuwa haijatuona wiki sita. Kijana akasema hakuna shida, na yule mama akatembea kuelekea nyumba ya mwisho kama mtu aliyetuliwa gunia la viazi. Huo ndio uongo wake niliosema nitaueleza. Alikuwa nao wa kila aina, paa, panya, rangi mbichi.

Niliona haya yote kwa macho yangu. Niliyaona na sikujifunza kitu, na hapa ndipo naanza kuumwa.

Nina mtoto mmoja tu, binti. Baba yake alifariki binti akiwa sekondari, akasomeshwa na chai hii hii. Anafanya kazi Nairobi, na ameolewa na mtu wa kando ya ziwa, mwanamume mpole, wa kupokea chakula kwa mikono miwili. Kwao nako heshima ya mama mkwe ni ileile, pengine kali kuliko yetu. Walipokuja mara ya kwanza baada ya harusi, walikuwa wamepanga kulala kwa jirani. Kwa jirani! Hatua mia mbili kutoka mlango wangu, binti yangu alale kitanda cha kukodi, na majirani wamwone akitoka kule asubuhi ananawa uso? Nikasema haiwezekani. Nikasema sisi ni watu wa kanisa, mila hizo tuliziacha zamani. Nikapiga deki chumba cha pili, ukuta mmoja na changu, nikatandika mashuka mapya, nikamwambia mkwe wangu, "Mwanangu, hapa ni kwenu, utalala hapa." Alitazama chini. Alisema, "Asante, Mama." Angesema nini kingine?

Asubuhi nilipotoka kwenda kukama, gari lao halikuwepo. Nililipata kule chini kwenye kituo cha majani ya chai. Mkwe wangu alikuwa amelaza kiti, amejifunika uso kwa koti, miguu imekunjwa kwa sababu ni mrefu. Na akina mama wa kuchuma chai, walewale niliowachekesha siku ile, walikuwa wakipita mmoja mmoja na vikapu mgongoni, wakichungulia kioo, wakinigeukia. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Ndani ya nyumba binti yangu alikuwa amekaa kando ya kitanda, macho yamevimba, akaniambia, "Mama, kwa nini umemfanyia hivyo?" Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alikuja mchana kuniuliza kama nimerogwa.

Usiku wa pili walilala kwa jirani. Nilipopeleka maziwa aliniambia polepole, "Usijali, Mwalimu. Wako salama." Wako salama! Salama na nani? Na mimi? Nilimwaga maziwa kwenye sufuria yake kwa nguvu mpaka yakaruka ukutani. Alichukua kitambaa akapangusa.

Hayo bado ningeyameza. Mkwe ni mkwe, na kosa lilikuwa langu. Lakini baada ya hapo binti yangu alianza kuja peke yake. Peke yake, hakuna mkwe, hakuna chinsoni, kitanda chake cha usichana kipo kilekile, na bado analala kule. Niligundua kwa bahati mbaya. Nimeingia jikoni kwa jirani asubuhi moja, natazama nje, naona mwanamke anatembea pekupeku kwenye majani yenye umande, kikombe mkononi, amefunga leso kichwani. Nikasema, mgeni huyu anatembea kama wa kwetu. Akageuka. Alikuwa mwanangu. Alikuwa amefika jana yake.

"Mama," alisema, "nilikuwa nije kwako leo, haki."

"Umelala hapa?"

"Nilichelewa kufika, sikutaka kukuamsha."

Nilijua ni uongo, na nilijua amejifunza wapi.

Ikawa hivyo. Mara tatu kwa mwaka, mara nne. Analala kwa jirani siku mbili, siku ya tatu anakuja kwangu mchana, amevaa vizuri, anakunywa chai, anatazama saa. Nilimsikia siku moja akicheka upande wa pili wa ua. Kicheko cha tumboni, cha utotoni, ambacho kwangu hakukileta tena. Nilikuwa nachuma chai. Nilisimama pale na majani mkononi na nikamchukia yule mwanamke. Nasema wazi: nilimchukia. Amechukua wageni wa dunia nzima, amechukua sifa za maziwa yangu, na sasa mtoto wangu mmoja. Yeye watoto wake wanne walikuwa ng'ambo, wanapiga simu kila Jumapili. Si angetosheka na hao?

Nilikata maziwa. Wiki nzima nilimwambia ng'ombe anaumwa. Nilitegemea aje alalamike, nimpe kisa changu chote. Hakuja. Wageni walikunywa chai ya rangi, na nilisikia aliwaambia kwamba ng'ombe wa Mwalimu amepumzika, naye pia ni kiumbe. Siku ya nane nikarudi na mtungi. Akapokea. "Pole kwa mgonjwa," akasema, uso mkavu kabisa. Sijui mpaka leo kama alikuwa ananicheka.

Kwa nini mtoto alinikimbia? Ukiniuliza wakati ule ningekwambia ni maji ya moto ya bomba na mashuka meupe. Sasa nasema ukweli. Kila alipofika kwangu, kabla hajavuta kiti, nilikuwa nimeshamtazama tumbo. Miaka saba ya ndoa. Nilikuwa namwuliza daktari amesema nini. Mume anasema nini. Mama mkwe je? Umefunga na kuomba? Mwenzako mliyesoma naye ana watatu. Nilikuwa namwuliza akila, namwuliza akiosha vyombo, namfuata hadi getini nikimwuliza. Niliona huo ndio upendo. Mtoto wa mwenyewe huwezi kumwacha hivi hivi bila kumwuliza.

Mwaka jana, mwezi wa nane, binti alinipigia simu. "Mama, nimekuwekea chumba kwa jirani, siku mbili. Enda upumzike."

"Nipumzike nini? Nyumba yangu naiona nikiwa kwake."

"Mama, tafadhali. Mara moja tu. Kwa ajili yangu."

Nikaenda. Lakini sikupita uchochoro ninaopelekea maziwa. Nilivaa nguo ya kanisani, nikabeba begi, nikazunguka kwa barabara mpaka geti kuu kama mtu aliyetoka Mombasa. Watu waliniuliza, "Mwalimu, safari ya wapi?" Nikajibu, "Mbali." Jirani mwenyewe alinifungulia. Alikuwa ameanza kuumwa magoti, anatembea na fimbo, lakini alinipokea begi kwa mkono mwingine. Alisema, "Karibu, pole na safari." Hivyo hivyo, kana kwamba hatujawahi kuonana. Nilitafuta dharau usoni mwake. Haikuwepo.

Nilikagua chumba kama mkaguzi wa shule. Nilipitisha kidole juu ya mlango, nikainama uvunguni. Safi. Mto haukuwa mgumu wala laini. Nilipewa kuku, nikapewa ugali wa wimbi, nikakaa kibarazani mbele ya yale maua ya kabichi, na hakuna mtu aliyeniuliza chochote. Mara ya kwanza tangu nifiwe na mume nilikaa mahali bila mtu kuniuliza naendeleaje peke yangu. Nilitaka kuudhika. Badala yake nikalala, mimi wa kuamka saa kumi na moja, nikalala mpaka jua likaingia.

Ndipo nikafungua pazia la dirisha la nyuma. Nilitegemea maua. Niliona kwangu. Mlango wangu wa nyuma, kamba ya nguo, beseni la buluu, zizi la ng'ombe, na kile kigoda ninachokalia nikikama. Ua pale ulikuwa umekatwa chini, na chini ya dirisha kulikuwa na kiti kimoja, kimeelekezwa nje, na juu ya ubao wa dirisha alama za vikombe, duara juu ya duara. Nyumba nzima imezungukwa na bustani, na mtu aliyekalia kiti kile alikuwa ameipa bustani mgongo.

Jirani aliingia na chai. Nilimwuliza bila kugeuka, "Ni chumba hiki anamolala mwanangu?"

"Ni hiki."

"Kila mara?"

"Kikiwa na mtu, anangoja."

"Hukaa kwenye kiti hiki?"

Alimimina chai polepole. "Mwalimu, mgeni wangu simsemi."

"Ni mtoto wangu!"

"Najua," alisema. "Ndiyo maana nimekupa chumba chake."

Alitoka. Nikakaa kwenye kiti. Kwa hiyo alikuwa akija kutoka Nairobi, saa sita za barabara, kunitazama nikikama. Siku mbili ananitazama, anakusanya nguvu za kuja kukutana na maswali yangu. Nililia pale, na chai ikapoa, na hata katikati ya machozi nilimwonea wivu yule mwanamke aliyekuwa akimletea kikombe na kumwona uso. Uso huo ulinihusu mimi.

Nilimpigia simu mwanangu nikiwa bado nimekaa. Nikamwambia, "Njoo nyumbani. Kwangu. Sitakuuliza kitu."

Akaniuliza, "Hata kile?"

"Hata kile."

"Mama, utaweza kweli?"

"Sijui. Nitauma ulimi."

Alikuja Desemba, akapita geti la jirani bila kusimama, akaingia kwangu na begi lake. Nilikuwa nimetoa magunia ya mahindi chumbani kwake. Siku ya kwanza karibu nife. Nilikuwa nafungua kinywa, nafunga, nafungua, mpaka akaniuliza kama jino linaniuma. Siku ya pili alilala mpaka saa nne. Siku ya tatu, mchana, alitandika mkeka kwenye majani nyuma ya nyumba, akaweka kichwa juu ya paja langu kama zamani, na akaniambia mwenyewe. Mimba tatu zilizotoka. Aliniambia tarehe zake zote. Sikumwuliza hata moja. Nilimpapasa nywele mpaka akasinzia.

Tukiwa hivyo, nilisikia fimbo kwenye kokoto. Alikuwa jirani. Miaka tisa mimi ndiye nilikuwa naenda kwake. Yeye hakuwahi kuja kwangu, kazi haikumwachia. Alikuja taratibu mpaka penye kamba ya nguo, akasimama kuvuta pumzi. Alimtazama binti yangu aliyelala, kisha akanitazama mimi, na mkono wangu ulipokuwa.

"Nilisikia amekuja," alisema.

"Amekuja."

"Hakupita kwangu."

"Hakupita."

Alijaribu kutabasamu. Na hapo nikaona kitu usoni mwake, kidogo, pembeni mwa mdomo, ambacho kijiji kizima hakuna ambaye angekitambua upesi kuliko mimi, maana nimekivaa miaka tisa nikienda nacho na mtungi. Alikaza macho kwenye majani, kama anatafuta magugu ya kung'oa, na magugu hayakuwepo, nilikuwa nimeyapalilia.

Nilimwashiria kigoda. Akakaa. Nikanyoosha mkono bila kumwamsha mtoto, nikavuta birika, nikammiminia chai mpaka ukingoni. Alikunywa, akasema ni nzuri. Na Mungu anisamehe, nilifurahi.